Ndege Saba Juu ya Mawingu

Hakuna neno linalomsumbua mwanafunzi wa Kiswahili hapa Uganda kama neno ndege. Yule azungumzaye Kiganda nyumbani kwao huita ennyonyi kiumbe arukaye kwa mbawa zake, na huita ennyonyi vilevile chombo kirukacho kwa injini, na vyote viwili huvipa upatanisho mmoja bila kujihangaisha. Kiswahili kinamdai zaidi: ndege wa mtini amelia, ndege ya abiria imetua. Wenzetu wa Rwanda na Burundi wamestarehe kidogo katika jambo hili, maana kwao inyoni ni wa mtini na indege ni ya kiwanjani, na mtoto hana la kuchanganya. Sisi tumelifundisha kwa ubao na chaki miaka nenda miaka rudi, kama suala la ngeli. Lakini tulipoingia katika kazi ya kutengeneza filamu fupi juu ya mapigano ya ndege za kivita, suala hilo lilitoka katika daftari la sarufi likaja kuketi katikati yetu, na kwa muda wa majuma matatu halikutupa nafasi ya kuzungumza jingine.

Chama cha Kiswahili cha chuo chetu cha ualimu kina desturi ya kuonyesha mchezo wa kuigiza kila mwisho wa mwaka. Safari hii vijana walilikataa jukwaa. Walitaka filamu, maadamu siku hizi simu ya mkononi hupiga picha ambazo zamani zilihitaji mtambo wa kubebwa na watu wawili. Tena walitaka filamu ya ndege. Hatukuipokea rai hiyo kwa furaha. Ndege za kivita katika filamu nyingi za kigeni ni moto na kishindo, na kijana atokapo kuzitazama hana hata neno moja jipya kinywani. Tukakubali kwa masharti: kisa kiwe cha kweli, kiwe pigano moja tu, lenye tarehe na watu, na msimulizi asitumie neno la kigeni isipokuwa jina la mtu, la mahali au la chombo. Baada ya siku kadhaa za kutafuta, vijana wakatuletea kisa cha tarehe 18 Novemba 1952.

Vita vya Korea siku hiyo vilikuwa katika mwaka wake wa tatu. Bara letu halikuwa mbali navyo kama mtu awezavyo kudhani, kwani askari wa Ethiopia walikuwa wakipigana huko nchi kavu chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, na marubani wa Afrika Kusini walikuwa angani. Manowari ya Marekani iitwayo Oriskany, yenye sitaha ndefu ya kurushia ndege, ilikuwa baharini kati ya Korea na Japani pamoja na manowari nyingine, si mbali sana na bandari ya Kisovieti ya Vladivostok. Theluji ilikuwa ikianguka, na mawingu yalikuwa yamelala chini juu ya maji. Asubuhi ndege za kikosi hicho zilikuwa zimeushambulia mji wa Hoeryong ulio mpakani mwa Korea na China. Baadaye ziliruka ndege nne aina ya Panther ili kulinda manowari, na miongoni mwa marubani wake alikuwamo Luteni Royce Williams, mwenye umri wa miaka 27.

Kiongozi wao alipata hitilafu ya pampu ya mafuta, naye pamoja na mwenzake wakabaki chini karibu na manowari. Williams na rubani wa ubavuni mwake, Dave Rowlands, wakaendelea kupanda. Walipotoboa mawingu walikuta jua na anga tupu, na juu yao, mbali sana, mistari saba myeupe. Zilikuwa ni ndege saba aina ya MiG-15, nazo zilitoka upande wa Urusi ya Kisovieti, nchi ambayo kwa kauli ya hadhara haikuwa vitani.

Hapo ndipo tulipokwama kwa mara ya kwanza, kwa sababu kabla ya kuonyesha pigano lenyewe tulitakiwa kulipa jina. Waingereza hulitaja kwa jina la ugomvi wa mbwa. Mwanafunzi mmoja mwenye kamusi mpya alituandikia “vita vya mbwa” kwa mwandiko safi kabisa, tukacheka sote, na yeye mwenyewe akacheka. “Mapigano ya angani” ni maneno mapana mno. Hata kumwaga mabomu juu ya daraja ni mapigano ya angani. Tulichokihitaji ni jina la lile pigano ambalo rubani humwona mwenzake kwa macho, wakazunguka na kuzunguka, kila mmoja akitafuta kukaa nyuma ya mkia wa mwingine, kwa kuwa mizinga ya ndege hizo hutazama mbele tu. Atakayeupata mkia amepata kila kitu. Palitolewa maneno mengi: mkabano, mviringano, mkimbizano. Mwisho tuliafikiana juu ya “kuwania mkia”, na wasomaji wetu wenye neno bora tunawaomba walilete.

Katika kutafuta jina tuligundua utajiri mwingine. Kiswahili kina kauli ya kutendana, na pigano la namna hii limeumbwa kwa kauli hiyo: kuzungukana, kuviziana, kufukuzana, kulengana, kupishana. Mwandishi wa maneno ya msimulizi, msichana wa mwaka wa pili, aliyapanga vizuri hata ukiyasikia unahisi shingo yako inageuka. Lakini kauli hiyo ina hila yake: ukisema watu wanawindana, umekwisha kusema kuwa wana nguvu za kukaribiana. Ndege nne kati ya zile saba zilishuka zikipiga. Williams akageuka kwa ghafla, akaipata ya mwisho katika kundi, akaifyatulia, nayo ikaenda chini ikitoa moshi. Rowlands akaifuata katika kushuka kwake. Tangu hapo Williams alikuwa peke yake kati ya ndege sita, na kwa hiyo tulimwambia mwandishi wetu aziondoe kauli zote za kutendana zilizofuata. Rubani yule hakuzungukana na mtu, alizungukwa. Alilengwa, alifukuzwa, alikatiwa njia. Msichana alibisha kidogo, akisema kwamba naye pia alikuwa akipiga. Ndivyo, tukamwambia, basi mpe kauli ya kutenda pale anapopiga, na ya kutendwa pale anapopigwa, lakini usimpe wenzi asiokuwa nao.

Pigano lile liliendelea kwa kama dakika 35. Wanaoyajua mambo haya husema kuwa mapigano mengi ya namna hiyo huisha kwa dakika chache tu, na ni rahisi kuelewa kwa nini: mafuta hupungua, risasi huisha, na mwili wa mtu unachoka kwa kusukumwa kitini kila ndege inapopinda. MiG ilikuwa na mbawa zilizolazwa nyuma. Ilipanda upesi kuliko Panther na kuizidi mbio. Ilibeba mzinga mmoja wa milimita 37 na miwili ya milimita 23. Panther ilikuwa na mbawa zilizonyooka na mizinga minne ya milimita 20, yenye risasi 760 kwa jumla. Rubani wa Panther hakuweza kukimbia. Aliloweza ni kupinda, na kupinda tena, na kungoja adui apite mbele ya mizinga yake.

Liko jambo moja katika ndege hizi ambalo vijana hawakulisadiki mpaka walipolisoma mara mbili. Baada ya vita kuu ya pili Waingereza waliwauzia Wasovieti injini za Rolls-Royce aina ya Nene, nao wakazinakili na kuziendeleza, na injini ya MiG-15 ikazaliwa humo. Wamarekani nao walipata ruhusa ya kuunda injini za ukoo huohuo, wakazitia katika Panther. Ndege zilizowania mikia juu ya bahari ile zilikuwa na injini za ukoo mmoja.

Habari hii ilitupatia sauti ya filamu yetu. Hapakuwa na haja ya kutafuta ngurumo mbili. Karibu na chuo ipo mashine ya kusaga mahindi, na vijana walikwenda asubuhi na mapema kabla ya wateja, wakanasa mvumo wake ukiwa mtupu, kisha ukiwa na mahindi, kisha ukizimwa. Mvumo mtupu ukawa ndege inayopanda. Wenye mahindi ukawa ndege inayopinda kwa nguvu. Mwenye mashine aliuliza kama jina lake litaandikwa. Limeandikwa, na tena kabla ya majina yetu.

Ndege zenyewe zilichongwa kwa mbao laini, MiG saba na Panther mbili, kila moja yenye urefu wa mkono wa mtu toka kiwiko hadi ncha za vidole. Tulizitundika kwa uzi wa kuvulia samaki ulionunuliwa mwaloni, uzi ambao kamera ya simu haiuoni ikiwa mwanga unatoka nyuma. Mawingu yalikuwa pamba. Tulikuwa na hofu kwamba pamba itaonekana pamba, lakini mmoja wetu alituonyesha kuwa ukiipulizia moshi kidogo wa majani mabichi haina tofauti na wingu, na ukiipulizia moshi mwingi walimu wote watatoka chumbani wakikohoa.

Ile mistari myeupe nyuma ya ndege ndiyo iliyotufunza zaidi kuliko vifaa vyote. Tuliitengeneza kwa nyuzi za pamba zilizofungwa mikiani. Mistari hiyo huonekana tu katika tabaka fulani ya hewa ya juu yenye baridi kali. Ndege ikishuka chini ya tabaka hiyo, mstari hukatika. Ndivyo ilivyokuwa siku ile: zile MiG ziliposhuka kutoka katika tabaka hiyo, Williams alipotewa na alama zake. Vijana walikuwa wamepanga mlipuko wa baruti mahali hapo ili mtazamaji ashtuke. Tulipojaribu kuzitoa nyuzi za pamba moja moja, na kuacha anga jeupe lisilo na kitu, hakuna aliyeuliza tena juu ya baruti. Picha ile imebaki kwa sekunde 20. Baada yake inafuata sura ya rubani, yaani kijana wa mwaka wa kwanza aliyekaa katika kiti cha ofisi, kichwani amevaa kofia ya pikipiki, akigeuza shingo kushoto, kulia, juu, nyuma. Tulimwachia ageuze kwa dakika nzima. Wapo wenzetu wanaosema dakika hiyo inachosha. Nasi twaona hiyo ndiyo kazi yake.

Sasa tufike penye ubishi. Ndege nne za Kisovieti ziliangushwa katika pigano lile. Msichana wetu aliandika: “Ndege ya kwanza ilianguka. Ndege ya pili ilianguka. Ndege ya tatu ilianguka. Ndege ya nne ilianguka.” Kisarufi hakuna doa. Tulipousoma mswada kwa sauti mbele ya kamati, mwalimu mwenzetu mmoja anayekaribia kustaafu, ambaye vijana humwita Mzee, aliweka kalamu chini.

“Na wale watu?” akauliza.

“Watu gani, Mzee?”

“Waliokuwa ndani.”

Mzee alikuwa mtoto wa shule vita vya mwaka 1979 vilipopita nchini kwetu. Alitueleza, kwa maneno machache, jinsi walivyokuwa wakijificha migombani kila waliposikia mvumo, na jinsi mama yake alivyokuwa akiwafunika watoto kwa majani makavu. Hakuwahi kumwona rubani hata mmoja. Kwao ndege ilikuwa inakuja, inapita, inaondoka, na hofu yao yote ilikuwa juu ya kitu hicho kisicho na uso. Ndiyo maana, alisema, yeye hana ugomvi na mtoto anayesema “ndege ilianguka.” Ila mwalimu anayemfundisha mtoto huyo, na kumtengenezea filamu, na kumwonyesha kitu hicho kikianguka mara nne mfululizo, hana budi kumwambia kuwa ndani yake alikuwamo wa ngeli nyingine.

Wanafunzi walimjibu kwa heshima lakini walimjibu. Kijana aliyechonga ndege zote alisema kwamba filamu ni ya Williams, kwamba alikuwa mmoja dhidi ya wengi, na kwamba kama asingewaangusha wangemwangusha yeye. Hakuna aliyekana. Kijana mwingine alidai kuwa tukianza kumlilia kila aliye ndani ya kila chombo, hakuna kisa cha vita kitakachosimulika kamwe. Wa tatu akatoa mfano kutoka katika sarufi, na sisi walimu tukainuka vitini: akasema kwamba hata magazeti huandika gari limeua, basi limeanguka, meli imezama, na msomaji anajua mwenyewe kuwa palikuwa na watu. Je, anajua? Mzee aliuliza. Au ngeli imemsaidia asijue?

Tulikaa na neno hilo majuma matatu. Pande zote mbili zilikuwa na haki, na hatupendi kuwapa wasomaji wetu sura ya kwamba hekima ilikuwa upande wa wazee. Filamu yenye huruma nyingi inaweza kumdanganya mtazamaji kama filamu yenye moto mwingi. Williams hakuwa na nafasi ya kufikiri majina ya watu. Alikuwa na nafasi ya kutazama mikia. Mwisho tuliacha sentensi nne zilivyo, ngeli ileile, ilianguka, ilianguka, kwa sababu ndivyo mambo yalivyoonekana kutoka kitini pake. Tukaamua kuwa majina ya waliokufa yatasomwa mwishoni, polepole, na kila jina liwe na kitenzi chake: Kapteni Belyakov alianguka. Kapteni Vandalov alianguka. Luteni Pakhomkin alianguka. Luteni Tarshinov alianguka. Majina hayo hayakujulikana nje ya nchi yao mpaka miaka ya 1990, Muungano wa Kisovieti ulipokwisha kuvunjika na habari za kale zikaanza kutoka.

Turudi kwa rubani wetu, ambaye tumemwacha angani bila risasi. Kombora la mzinga mkubwa wa MiG lilimpiga ubavuni, likakata mabomba ya mafuta yanayoendesha viungo vya ndege. Usukani wa mkia ulikufa, na vile vibawa vidogo vya kupunguzia mwendo pia. Kilichobaki ni pezi la mkia linaloinua na kushusha pua. Akajitupa mawinguni. Alipotokea chini, manowari za upande wake zilimdhania adui zikamfyatulia kidogo kabla ya kumtambua. Alikuwa chini mno kujirusha kwa parachuti, na bahari ya mwezi ule ingemuua kwa baridi kabla hajaokolewa. Panther hutua juu ya sitaha kwa mwendo wa kilomita kama 195 kwa saa. Yake ikipungua sana ilikataa kutii, hivyo alikuja kwa karibu kilomita 315. Tena hakuweza kuielekeza vizuri. Nahodha wa Oriskany akaigeuza manowari nzima ili sitaha imfuate ndege, badala ya ndege kuifuata sitaha. Ndoano ya mkia ikashika waya wa tatu.

Mafundi waliyahesabu matundu katika ndege ile, wakapata 263.

Tulitaka mtazamaji aione hesabu hii, maana nambari ikitamkwa tu hupita kama upepo. Tulichukua madebe ya mafuta ya kupikia, tukayakata na kuyanyoosha, tukaunda ubavu wa ndege wenye urefu wa mita mbili. Kisha wanafunzi wote wa chama, watu 31, wakapewa nyundo na misumari, kila mmoja atoboe na kuhesabu kwa sauti kwa Kiswahili, zamu kwa zamu, bila kuruka. Tulianza kwa mzaha. Kufika hamsini na kitu palikuwa na kicheko, kwa kuwa wapo waliojikwaa katika “hamsini na nane” na “hamsini na tisa”. Kufika mia moja arobaini mikono ilikuwa imechoka, na debe lilikuwa limeanza kupoteza umbo. Kufika mia mbili hakuna aliyekuwa akicheka. Mahali pa kutoboa palikuwa pamekwisha. Ilibidi kutafuta nafasi kati ya tundu na tundu. Kijana aliyeigiza rubani aliombwa asimame nyuma ya bati ili tuone mwanga ukimpitia. Alisimama, akatazama, akaomba atoke kidogo nje. Kazi hiyo ilichukua saa moja na nusu, na katika filamu inapita kwa dakika mbili, sauti za kuhesabu zikiwa chini ya picha ya bahari.

Palibaki suala la kimya, na hapa ndipo filamu yetu ilipokuwa dhaifu wa vifaa kuliko popote. Admirali Robert Briscoe alimwita Williams, akamhakikishia kuwa alikuwa ameangusha angalau ndege tatu, kisha akamwamuru asimwambie mtu. Sababu zilikuwa mbili. Wakubwa hawakutaka ijulikane kuwa Wamarekani na Wasovieti wamepigana uso kwa uso, wasije wakalazimika kupigana zaidi. Tena hawakutaka Wasovieti wajue kuwa maongezi yao ya redio yalikuwa yakisikilizwa. Mwezi uliofuata alipelekwa mbele ya Dwight Eisenhower, rais mteule, aliyekuwa amekwenda Korea kuvitazama vita. Mwaka 1953 alipewa nishani ya Nyota ya Fedha kwa maelezo yaliyopunguzwa. Kisha akafunga kinywa kwa kama miaka 50. Hakumwambia hata mkewe, mpaka habari hizo zilipofunguliwa mwaka 2002. Mwezi wa Januari 2023, akiwa na umri wa miaka 97, nishani yake ilipandishwa kuwa Msalaba wa Jeshi la Majini.

Kimya cha miaka 50 hakipigiki picha kwa simu. Vijana walipendekeza kalenda inayopeperuka, jambo ambalo kila mtu amekwisha kuliona. Tulifanya jambo dogo: meza ya chakula, mume na mke, mke anauliza, “Habari za kazi?” naye anajibu, “Njema.” Ni mazungumzo ambayo sisi Waswahili na tuliojifunza Kiswahili huyafanya kila jioni, na ambayo mwalimu humfundisha mgeni katika somo la kwanza kabisa. Jibu ni njema hata kama nyumba imeungua. Ndipo yafuatayo, “ila tu”, hufuata. Katika filamu yetu “ila tu” haifuati. Mwigizaji wa kike, aliye mwalimu kwa kazi yake, alingoja kidogo kana kwamba anaipa nafasi, kisha akapakua wali. Hatukumwelekeza angoje.

Tuliionyesha filamu, yenye urefu wa dakika 13, kwanza chuoni, kisha katika shule ya msingi ya jirani iliyoanza Kiswahili karibuni. Chuoni walisikiliza kwa utulivu na kusifu mawingu. Katika shule ya msingi watoto walipiga makofi ndege ya kwanza ilipoanguka. Wakapiga makofi ya pili, na ya tatu, na kwa ya nne walisimama juu ya madawati. Mzee alikuwa ameketi nyuma pamoja nasi, akatazama mbele bila kusema. Yalipofika majina, watoto walikuwa bado wanachangamka, na mawili ya kwanza hayakusikika. Msichana mmoja wa mstari wa mbele aliinua mkono baadaye, akauliza kama wale waliotajwa ni waliotengeneza filamu.

Katika mkutano wa kamati uliofuata hakuna aliyelaumu watoto. Kijana aliyechonga ndege alishikilia kuwa makofi ni haki ya Williams, na kwamba kuyaondoa ni kumnyima kwa mara ya pili alichonyimwa miaka 50. Mzee alisema hataki kuyaondoa. Anataka tu wajue wanampigia nani na wanapiga mbele ya nani. Walibishana mpaka kengele ya chakula, kisha wakaenda kula pamoja.

Nakala ya pili inatengenezwa sasa. Ndani yake majina manne yatasomwa mwanzoni, kabla ya ndege yoyote kuonekana, na yule kijana ameomba arudishiwe MiG zake kwa siku mbili azipake rangi upya, kwa kuwa ile ya awali imebanduka ubavuni kwa kushikwashikwa na watoto.